TAHADHARI: Baketi la kuku kwa 18,000 ni utapeli, msitume hela

Ndugu zangu wa Dar, na hasa nyie wazazi mnaoandaa mahafali za watoto kipindi hiki, nawaomba msome hii kabla hamjaagiza kuku mtandaoni.

Kuna ukurasa Instagram, na mwenzake uko Facebook, unaojitambulisha kama tawi jipya la duka kubwa la kuku wa kukaanga ambalo wote tunalijua. Nembo ni ileile, rangi zilezile, hata picha za wahudumu wakiwa na sare. Wanatangaza baketi la vipande 15, chips kubwa mbili na soda ya lita mbili kwa shilingi 18,000, na unaletewa bure popote Dar. Hilo tawi halipo. Sisi wametutapeli 360,000, na hela hiyo haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa michango ya wazazi 31 wa darasa la awali anakosoma mwanangu.

Mimi ndiye mweka hazina wa darasa. Mahafali yalikuwa Jumamosi iliyopita, na watoto wenyewe walikuwa wameomba kuku wa baketi, maana kwa mtoto wa miaka sita lile baketi ni sherehe tosha. Ofa ilitumwa na mzazi mwenzetu kwenye grupu Jumatano usiku, kwa nia njema kabisa, na naomba mtu asimlaumu. Nikaingia kwenye ukurasa, nikaona wafuasi zaidi ya 41,000, nikaona komenti za watu wanashukuru. Nikaandika inboksi. Dakika mbili hazikuisha nikajibiwa: "Karibu sana dada, ofa inaisha kesho saa sita mchana, unahitaji mangapi?"

Nikasema 18. Akanipigia simu mwenyewe. Kijana ana sauti ya huduma kwa wateja hasa, nyuma yake unasikia kelele za jikoni, mtu anaita namba za oda. Akanipa namba ya kutuma 324,000. Nilipoiweka, kabla ya namba ya siri, likatokea jina la mtu binafsi, jina la mwanamke. Nikamuuliza. Akasema, "Huyo ni mhasibu wetu dada, Lipa Namba ya tawi bado inashughulikiwa kwa sababu tumefungua juzi." Nikatuma.

Hapo ndipo pa kushika. Ukituma hela kwa namba ya kawaida, simu inakuonyesha jina la mwenye laini. Ukilipa kwa Lipa Namba, inakuonyesha jina la biashara. Simu iliniambia ukweli kabla sijabonyeza, mimi nikaamini maelezo ya mtu nisiyemjua kuliko kilichoandikwa kwenye kioo. Duka lenye matawi mjini, lenye mashine za risiti na kaunta nne, haliwezi kukosa namba ya malipo ya biashara wakati hata muuza chips wa kituoni kwetu ana bango la Lipa Namba limebandikwa kwenye kabati la vioo. Na hata ukipewa Lipa Namba, soma jina linalotokea. Likiwa jina la saluni au la duka la vipuri, acha.

Saa moja baadaye akapiga tena. Malipo yameingia, ila mfumo umekataa oda kwa kuwa sijalipia vifungashio, 2,000 kwa kila baketi, jumla 36,000, na itarudishwa kuku wakifika. Nilisita. Lakini mtu akishatoa 324,000 anajikuta anailinda ile ya kwanza kwa kuongeza ya pili, na wao wanalijua hilo vizuri sana. Nikatuma.

Jumamosi saa tatu asubuhi, kimya. Saa nne akapokea: chips zimechelewa, mzigo wa viazi umekwama bandarini, "si unakumbuka dada hata kule Kenya ilitokea?" Na ni kweli ilitokea. Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chips kwa kuwa viazi walivyokuwa wanaagiza nje vilichelewa kwenye meli, na watu kule walikasirika wakauliza kwa nini visinunuliwe kwa wakulima wao wa viazi. Nilikuwa nimeifuatilia ile habari, kwa hiyo nikaona anachosema kina mantiki. Mtapeli wa siku hizi anasoma habari kama wewe, na akikuongopea anachomeka ukweli mmoja katikati.

Saa tano akapiga mtu mwingine. "Mama, nimefika na mzigo wako, niko getini, ila mlinzi hanielewi. Naomba elfu ishirini ya mafuta, ofisi itakurudishia." Nikatoka mbio mpaka geti la shule. Mlinzi alikuwa amekaa kivulini peke yake. Hakuna pikipiki, hakuna mtu. Nilipompigia tena yule wa boda, simu haikupatikana. Nikarudi kwenye ukurasa, nimeshablokiwa.

Sitaki kueleza sana nilivyojisikia nikiwa nimesimama pale getini huku watoto ndani wameshavaa majoho wanafanya mazoezi ya wimbo.

Aliyetuokoa ni kaka wa chips wa kituoni, huyohuyo mwenye kabati la vioo, pamoja na mama mmoja anayekaanga kuku jirani yake. Tulichanga upya palepale, wakawasha majiko mawili, na kufika saa nane kila mtoto alikuwa na sahani ya chips na kipande cha kuku wa moto, kachumbari pembeni. Yule kaka alipokea nusu tu ya hela, nyingine akasema tumpe wiki ijayo. Nimeshamalizia.

Jumatatu nikaenda kwenye tawi la kweli la lile duka. Meneja alinisikiliza kwa huruma na akaniambia mimi si wa kwanza wiki hiyo. Kwenye hesabu alinisaidia kitu ambacho nakitoa kwenu kama kipimo. Kuku mmoja wa broila ukimkata vizuri unapata vipande vinane au tisa, kwa hiyo vipande 15 ni karibu kuku wawili. Mimi broila nanunua 8,500 sokoni Mbezi, wawili ni 17,000 kabla hujaweka mafuta, viungo, gesi, viazi, soda, boksi na mtu wa kuendesha pikipiki. Nani atakuuzia vyote hivyo kwa 18,000 na akuletee bure mpaka Kigamboni? Duka likitoa ofa linapunguza faida yake, haligawi kuku. Bei ikikaribiana na gharama ya nyama mbichi peke yake, jua hapo hauziwi chakula.

Sasa kuhusu wafuasi 41,000. Dada yangu mdogo ndiye aliyenionyesha. Instagram, ukibonyeza jina la ukurasa au vile vidoti vitatu juu, kuna sehemu ya "Kuhusu akaunti hii". Inaonyesha akaunti ilifunguliwa lini na imewahi kubadilisha jina mara ngapi. Ile ilikuwa imebadilisha jina mara tano. Facebook nako kuna sehemu ya uwazi wa ukurasa yenye tarehe ya kufunguliwa na majina ya zamani, na pale nikakuta ulianza kama ukurasa wa nguo za watoto za mtumba, ukawa wa kubeti, sasa ni wa kuku. Maana yake wafuasi wale walikuja kwa ajili ya nguo, miaka iliyopita, na ukurasa ukauzwa pamoja nao. Tiki ya bluu pia msiishike kama kiapo, tangu 2023 Meta inaiuza kwa malipo ya mwezi. Na zile komenti za kushukuru, ukizifungua moja moja, ni akaunti zisizo na picha, zote zimeandika ndani ya siku mbili. Anayelalamika komenti yake inafutwa.

Lipo jingine ambalo ni baya kuliko hela ya kuku. Mzazi mwenzetu mmoja naye aliwasiliana nao kuagiza mabaketi mawili ya nyumbani. Yeye hawakumwomba hela kwanza. Walimwambia, "Tumekutumia namba ya oda kwa meseji, tusomee tuthibitishe." Ile namba ya tarakimu sita haikuwa ya oda. Ilikuwa namba ya WhatsApp ya kuhamishia akaunti yake kwenye simu nyingine. Aliisoma, na ndani ya robo saa alikuwa nje ya WhatsApp yake mwenyewe, huku ndugu zake Mwanza na Tanga wakipokea meseji kwa jina lake na picha yake: "Shangazi nimepata dharura, nisaidie 150,000 nakurudishia jioni." Wawili walituma.

Meseji ya tarakimu hizo huwa inakataza yenyewe kumpa mtu. Hakuna duka la kuku, wala la pizza, wala la keki, linalohitaji umsomee tarakimu zilizotoka WhatsApp. Kama limekukuta, isajili WhatsApp upya kwa namba yako ileile ili yule atoke, kisha nenda kwenye mipangilio, akaunti, uweke uthibitishaji wa hatua mbili. Na wapigie ndugu simu ya kawaida uwaambie wasitume kitu. Anza na wazee, maana ndio hutuma haraka bila kuuliza.

Watu wameniuliza kwa nini sikuagiza kwenye programu. Wengine mtakumbuka Jumia, ile ya kuagiza bidhaa na chakula mtandaoni, ilipokuwa hapa, mpaka ilipofunga Novemba 2019. Hata Kenya Jumia Food ilifungwa mwishoni mwa 2023. Wengi wetu tumebaki kuagiza kwa inboksi na WhatsApp, kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, bila yeyote katikati wa kushika hela mpaka chakula kifike. Biashara nyingi za vitafunwa za kinamama wenzetu zinaendeshwa hivyohivyo kwa uaminifu mkubwa, sambusa, katlesi, vitumbua, keki, na sitaki hii tahadhari iwaharibie riziki. Kwa hao ninachofanya sasa ni kulipa kianzio kidogo na kumalizia mzigo ukiwa mikononi. Mama ninayemwagizia sambusa alinikubalia bila neno, akasema hata yeye anapenda hivyo kwa sababu kuna wateja wanaokimbia oda.

Kama umeshatuma hela leo, usikae ukisubiri aamue kukurudishia. Pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako hapohapo uombe muamala uzuiwe. Ukiwahi kabla hajaitoa kuna nafasi, akishaitoa kwa wakala ni kazi ngumu. Mimi nilichelewa siku mbili nzima. Namba ya tapeli na meseji zake zitume kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli. Kisha nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, kwa sababu bila RB mtandao hauwezi kukupa ushirikiano wa maana. Piga skrinshoti za kila kitu kabla hujablokiwa: ukurasa, mazungumzo, namba, ujumbe wa muamala. Mimi nilikuwa na nusu tu, mengine yalipotea aliponibloku.

Polisi waliniambia yule mwanamke ambaye jina lake lilitokea kwenye simu yangu ni bibi wa mkoani ambaye hata hajui kuwa kuna laini hiyo. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, wapo mawakala wa barabarani wanaokwambia "kidole hakijasoma, rudia", na kile kidole cha pili kinasajili laini nyingine ambayo hutaiona. Piga *106# leo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mpigie na mama yako huko nyumbani, au mtume kijana wa jirani amsaidie. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafungwe. Siku moja itatumika kumwibia mtu, na polisi watabisha hodi kwako.

Jina la duka lililoigwa sijalitaja kwa sababu wao nao wameumizwa, na suala liko polisi. Hela ya wazazi narudisha kidogo kidogo ingawa wengi wamekataa kupokea.

Jana usiku dada yangu aliufungua tena ule ukurasa kwa simu yake. Nembo ya kuku imeondoka. Sasa ni wa keki za harusi na kipaimara, keki ya ghorofa tatu kwa 45,000, kuletewa bure, ofa inaisha Jumapili. Namba ya simu ni mpya. Sauti aliyoisikia alipopiga, akaniwekea spika nisikilize, ni ya kijana yuleyule.