Makumbusho ya Mkwawa Kalenga, nendeni jamani

Jumamosi nimeenda Kalenga na wanangu, toka Iringa mjini wala sio mbali, na kusema kweli nimetoka pale machozi yananilenga. Fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lipo ndani ya kioo, unasimama nalo uso kwa uso, lilikaa Ujerumani miaka na miaka mpaka 1954 ndo likarudi. Mzee anayetembeza wageni alitueleza vita ya Lugalo 1891 taratibu kabisa, Wahehe walivyolivizia jeshi la Wajerumani la kamanda Zelewski na Zelewski mwenyewe akafia palepale, halafu ngome ya Mkwawa hapo Kalenga ilivyopigwa mizinga na Wajerumani 1894, hadi chifu kujipiga risasi 1898 ili asikamatwe. Mwanangu wa darasa la tano alikua kimya muda wote, yeye ambaye hanyamazagi! Bebeni maji tu.