Wazazi pembeni: nilivyotolewa kwenye foleni ya tamasha la vitabu vya vijana

Ntaanza na yule kijana wa redio call kwa sababu ndo amefanya nikae hapa saa hizi naandika badala ya kulala. Fulana ya tamasha, kitambulisho kimening'inia shingoni, kidude sikioni, na mkono mmoja muda wote umenyooka kama anaongoza magari. Mimi niko kwenye foleni ya kusainiwa kitabu, nimesimama hapo mpaka nimeshajua historia za watu wa mbele yangu, nani kakosa usingizi, nani kaja kwa kutoroka mazoezi ya kwaya, nimebakiza watu kama kumi hivi nifike mezani, jamaa akaja, akaniangalia mkononi, akasema, "Mama, wazazi pembeni."

Hakuna samahani, hakuna naomba. Wazazi pembeni.

Sasa mimi si mzazi wa mtu. Nina miaka thelathini na ushee na hizo ushee ni chache. Nilienda na mtoto wa dada yangu kweli, ana miaka 15, lakini yeye ndo alinisindikiza mimi, naomba hilo lieleweke. Yule mwandishi nilimgundua mimi, kitabu chake cha kwanza nilikisoma mimi kwa siku mbili nikakosa raha wiki nzima, nikamwazima yeye shingo upande, akanirudishia kona zimekunjwa na ukurasa mmoja una doa ambalo mpaka leo hajaniambia ni la nini. Nikamwambia jamaa, kaka, mimi ni msomaji, kitabu hiki ni changu. Akasema foleni hii ya vijana, walezi wanasubiria pale. Pale kwenyewe ni ukutani, kuna viti vya plastiki vimepangwa na watu wazima wamekaa wamekumbatia mabegi ya watoto wao wanachezea simu. Na hapo hapo huyu binti, Mungu amzidishie akili, akageuka akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Mama mdogo we nenda tu kapumzike, ntakusainishia." Jamaa akasikia "mama" basi, ile "mdogo" ilimpita. Kesi ikaishia hapo.

Nikaenda. Hicho ndo kinaniuma kuliko yote, kwamba nilienda, nikakaa kwenye kiti, nikapokea begi.

Na kinachochekesha, asubuhi ile ile kwenye ukumbi mkubwa waandishi wanne walikaa jukwaani kuongea, na mwongozaji (aliyekua amesoma kitabu cha mmoja tu, tuliona wote, wengine watatu akawa anawauliza huwa mnapata wapi mawazo) alipofungua maswali, mtoto mmoja wa kama miaka 13 akashika maiki akauliza kwa nini kwenye vitabu vyenu wazazi huwa wanakufa mapema. Ukumbi ukalipuka. Mwandishi mmoja akajibu kwamba wasipokufa lazima wasafiri, au wawe wamechoka, au hawaelewi kitu, kwa sababu mama mwenye akili timamu akiwepo nyumbani hilo tatizo ataliona mapema atalimaliza na hadithi haina pa kwenda. Ni kweli kabisa, hadithi ya kijana inataka kijana mwenyewe ndo aamue na ndo akosee. Nikacheka sana pale. Sikujua kwamba baada ya saa chache na mimi ntatolewa kwenye hadithi kwa njia hiyo hiyo, tena bila hata ya kuuliwa vizuri.

Nilivyokaa pembeni nikatoa simu nikaanza kutafuta ushahidi, maana mimi nikikasirika nasoma. Kuna utafiti wa Bowker, kampuni inayokusanya takwimu za vitabu, wa mwaka 2012 kule Marekani ulikuta asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vinavyotolewa kwa ajili ya watoto wa miaka 12 mpaka 17 ni watu wa miaka 18 kwenda juu, na kundi kubwa lao ni la miaka 30 mpaka 44. Yani mimi. Na wala si kwamba wananunulia watoto, walipoulizwa, asilimia 78 ya wakati walisema wananunua wasome wenyewe. Ni takwimu za zamani kidogo na ni za nchi moja, sawa, lakini nilitamani kunyanyuka na simu yangu nikamuoneshe yule jamaa, kaka, wewe umekaa hapo unafukuza nusu ya biashara. Halafu kwa Kizungu jina lenyewe la aina hii ya vitabu, "young adult", lina "mtu mzima" ndani yake! Halafu tena wanaoviandika je? Ukimtoa mtu kama S.E. Hinton aliyetoa The Outsiders mwaka 1967 akiwa na miaka 18, wengi wao ni watu wazima na mikopo yao na migongo inawauma. Wale wanne wa jukwaani wote walikua wamenizidi umri. Mbona hao hawakuambiwa pembeni.

Basi nikawa naangalia meza kutokea pale ukutani, na ntasema ukweli, kwa kazi ile ya mezani niliwavulia kofia. Kuna msichana anapita kwenye foleni na vikaratasi vya kunata, anakuuliza jina lako, anaandika kwa herufi kubwa, anakibandika kwenye kitabu, ili ukifika mezani mwandishi asianze kukuuliza jina lako lina h au halina. Mwingine anachukua ule ulimi wa jaketi la kitabu, lile karatasi la kufunika jalada, anaingiza kwenye ukurasa wenye jina la kitabu ili kikifunguliwa kifunguke hapo hapo. Ukiona ni mambo madogo piga hesabu, watu 100 tu, kila mmoja dakika moja, hiyo ni saa moja na dakika 40, na pale hawakua 100. Mwandishi anakata kwa kistari jina lake lililochapwa halafu anasaini juu yake kwa mkono. Nimeshasikia maelezo kama matatu tofauti ya kwa nini wanafanya hivyo, mimi napenda lile la kwamba yupo mwenyewe sasa hivi kwa hiyo lile la mashine halihitajiki.

Kingine walichonikera, ingawa hapa nusu nawaelewa, ni kwamba kitabu kilitakiwa kiwe na stika ya duka la pale pale ukumbini. Changu cha zamani hakina. Nilinuna, lakini duka ndo linabeba maboksi yote yale kwa kukisia watu watanunua ngapi, yasipoisha yanafungwa upya yanarudishwa kwa mchapishaji, na watu wote tukija na vya nyumbani hawatarudi msimu mwingine. Ikabidi ninunue kipya chenye stika, na cha kale nacho nikambebesha yule binti tujaribu bahati. Sasa kama hela yangu ya mtu mzima dukani ilipokelewa bila kuulizwa umri, mezani imekuaje? Nani alinunua hicho kitabu, mzazi wa nani?

Binti akafika mezani. Nikamuona anaongea, mwandishi anacheka, binti ananyoosha kidole kuelekea ukutani, mwandishi anainua kichwa anatafuta. Nikajificha nyuma ya begi. Miaka thelathini na ushee, nimejificha nyuma ya begi lenye kidoli cha kuning'inia. Akarudi na chake kimesainiwa na changu kipya hakijasainiwa, eti utaratibu kila mtu kitabu kimoja chenye jina, na kile cha kale jamaa wa redio call alikikataa kabla hata hakijafika mezani. Hapo nikasema basi, tunaondoka, na sirudi hapa tena, na naandika kila mahali.

Hatukuondoka kwa sababu binti alitaka kupanga foleni ya zile nakala zinazogawiwa kabla kitabu hakijatoka madukani, zile zimeandikwa haziuzwi. (Na mtandaoni zinauzwa. Msiniangalie hivyo, mimi siuzi.) Nikabaki kwenye kiti changu. Foleni ya kusaini ikaisha, meza ikafutwa, na mwandishi akatoka pale amebeba mkoba wake mwenyewe, akaja moja kwa moja ukutani akakaa kiti cha pili kutoka kwangu. Gari lake lilikua halijafika. Yani mtu ambaye watu wamemsubiri nusu siku akaja kukaa pembeni na wazazi.

Alikua anakunja na kukunjua vidole, kidole cha kati kina plasta, pale kalamu inapokaa. Akaniuliza, "Wewe ndo mama mdogo?" Nilikua na mambo ya kumwambia ya kutosha kitabu kizima. Kwamba ile sura ya kaka mtu kuondoka usiku niliisoma nimekaa kwenye ngazi kwa sababu sikutaka mtu anione. Kwamba kile kisentensi cha mwisho nimekihamishia kwenye daftari. Mdomo ukafunguka ukatoa, "Nimekipenda sana kitabu chako." Basi. Kama mtoto wa darasa la pili. Akasema asante, akaona kile cha kale mapajani kwangu chenye kona zimekunjwa, akakivuta bila kuulizia stika, akalipapasa lile doa akauliza hili ni la nini, nikamwambia hata mimi sijui, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasaini. Tuliongea kama dakika nne hivi, na wale wa kwenye foleni rasmi walipata nusu dakika na "pita, pita".

Halafu yule jamaa akatokea na redio yake, gari limefika, akachukua kitabu mkononi mwake akakifunga pap akanikabidhi, wino haujakauka. Sasa jina langu lipo mara mbili, upande wa kulia limenyooka na upande wa kushoto kinyumenyume kama la kwenye kioo. Nilitaka kumchemkia nikashindwa, maana alisema, "Samahani mama." Mama tena!

Kwa hiyo waandaaji sijui niwape nyota ngapi. Nilipokua kwenye foleni ilikua sifuri. Nilipokua na kile kitabu mkononi ingekua tano hata kumi. Asubuhi ya kesho yake nikarudi kwenye tatu, halafu nikafanya kosa la kuitafuta ile tiketi yangu ya kwenye simu ili nione ni wapi niliandikwa mzazi, maana jamaa aliangalia bangili ya karatasi mkononi mwangu, yangu nyeupe, za vijana zilikua za kijani, na getini waliniwekea kufuatana na tiketi. Tiketi inasema "mlezi". Na fomu nilijaza mimi. Vilikuepo visanduku viwili tu, kijana wa 13 mpaka 18 na mlezi anayeambatana, na mimi nikatiki hicho cha pili kwa kidole changu mwenyewe.

Sasa hapo na yule jamaa ntamlaumu vipi, aliona bangili akafanya alichoagizwa. Lile la kutokuomba radhi palepale bado namdai, hilo silifuti. Lakini nyie mliotengeneza fomu, msomaji mtu mzima alitakiwa atiki wapi? Mlitumia asubuhi nzima jukwaani kutuambia vitabu hivi ni vya kila mtu.

Watoto wenu wapelekeni, wala msisite, yule binti mpaka sasa hajanyamaza. Wewe mkubwa mwenzangu fika mapema, kitabu kinunulie pale pale, na viti vya ukutani usividharau. Mimi msimu ujao narudi na kile kisanduku cha kwanza ndo natiki. Waje wanitoe.