Kampung Admiralty, Singapore: bustani juu ya kituo cha afya

"Kampung" kwa Kimalay ni kijiji, na jengo hili lililokamilika mwaka 2017 ni kijiji kilichosimamishwa wima. Shirika la nyumba la serikali, HDB, liliwapa wasanifu wa WOHA kiwanja cha hekta 0.9 tu, na jengo halikuruhusiwa kuzidi mita 45. Wakapanga kila kitu juu ya kingine: chini uwanja wazi wenye kivuli, juu yake ukumbi wa vibanda vya chakula wenye viti takriban 900, halafu kituo cha afya, bustani ya pamoja, na nyumba 104 za wazee. Mwaka 2018 likatwaa tuzo ya jengo bora la dunia la mwaka huo katika Tamasha la Usanifu Majengo Duniani.

Picha husifia wingi wa kijani. Sisi tunasifu mahali bustani ilipokaa. Bustani za pamoja hufa pale wakazi wanapotoka kwenye lifti moja kwa moja hadi kwenye gari. Hapa chekechea na kituo cha wazee vipo bega kwa bega na bustani, basi watoto na babu zao wanakutana bila kuandaliwa shughuli. Hata milango ya nyumba imewekewa benchi la majirani wawili.

Kasoro ipo. Kutoka barabarani huioni vizuri ile bustani, mpaka upande juu. Kwa mgeni ni kama haipo. Nyumba nazo ni ndogo, mita za mraba 36 au 45, zinamtosha mzee au wawili, si familia.

Anayetaka kuiga jengo hili pale Kariakoo au Westlands aanze na uzito, kwa sababu bustani ya juu haiongezwi baadaye. Udongo uliolowa una kilo 1,600 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo. Tabaka la sentimita 30 tu ni kilo 480 hadi 600 kwa mita ya mraba, ilhali sakafu ya sebule hupigiwa hesabu ya watu na samani wa kilo 150 hadi 200. Nyasi zinaridhika na sentimita 20 hadi 30, vichaka 45 hadi 60, mti unadai karibu mita nzima. Miti ikae juu ya nguzo, si katikati ya sakafu, mbali na nguzo.

Kisha maji. Sakafu ya zege iwe na mteremko, juu yake kinga maji (utando usiopitisha maji), kizuizi cha mizizi, tabaka la kupitisha maji, kitambaa cha kuchuja, ndipo udongo. Kinga maji ipande ukutani sentimita 15 juu ya usawa wa udongo. Kabla ya kumwaga udongo, ziba matundu ya kutolea maji, jaza maji sentimita 5, acha saa 48, ukague dari ya chini. Mvujo huanzia kwenye matundu na kingo, mara nyingi kwa sababu fundi bomba alitoboa baada ya kinga kuwekwa. Kila tundu liachiwe kisanduku chenye mfuniko wa kufunguka. Bila hicho, siku majani yakiziba, utafukua nusu ya bustani kutafuta tundu moja.