Kozi ya Kiingereza cha mtaani hapa Mbeya: mwalimu safi, kitini kimechoka

Jamani mnaotaka kujiunga na ile kozi ya jioni ya Kiingereza cha mtaani maeneo ya Kabwe, someni hii kwanza. Jina silitaji. Nimesoma wiki 6, ada 60,000, na mimi kazi yangu natembeza wageni Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu kwahiyo lugha ndo ugali wangu, siongei kwa chuki.

Mwalimu anajituma sana, kwenye matamshi sina neno, na baridi yote ile ya mwezi wa 7 hajakosa kipindi hata kimoja. Shida ni kitini. Wameweka "spiffing", "groovy" na "the bee's knees" (yote ni kusema kitu ni safi sana) safu moja na "cool" (poa) na "mate" (mshikaji) utadhani yote yanatumika leo, hamna sehemu wamekwambia hili la kizamani hili bado lipo.

Sasa juzi nimepanda Ngozi na mama mmoja Muingereza, mtu mzima, njia utelezi nimemshika mkono mpaka juu, ukungu ukafunguka ziwa lote likaonekana kule chini, nikamwambia "spiffing, isn't it?" Mama akasimama, akaegemea fimbo yake, akaniambia kwa upole mwanangu hilo neno mara ya mwisho nililisikia kwa babu yangu, siku hizi sema "lovely" au "brilliant". Hakunicheka lakini iliniuma, maana nililipia.

Na sio kwamba neno likiwa la zamani basi limekufa, hapo ndo mwalimu alitakiwa atusaidie. "Cool" na "groovy" zote zimetoka kwa wapiga jazi weusi wa Marekani, "groovy" ikatamba miaka ya 1960 leo mtu akiisema ni utani, "cool" inadunda mpaka kesho. "Quid" Waingereza wanaita pauni tangu karne na karne na ukienda London leo utaisikia. Ila "bob", yaani shilingi, kwao iliishiwa nguvu walipobadilisha hela 1971, cha ajabu vuka hapo Kenya kila mtu anasema bob! Hata sisi si tunapanda daladala kila siku, na dala yenyewe ilikuwa ile shilingi 5 ya nauli, nani anayo leo mfukoni? Huwezi kujua kwa kuangalia umri wa neno, lazima uambiwe na mtu anayeisikia lugha ikiongewa sasa hivi.

Kwahiyo kwa matamshi nendeni, nyota 4. Kitini nyota 1. Nimeshamwambia mwalimu aweke alama tu pembeni ya kila neno, linatumika au halitumiki, amesema atalifanyia kazi kabla ya darasa la mwezi ujao, akilifanya hela ya awamu ya pili nalipa siku hiyohiyo.