Mvuvi Mwenyewe au Mwigizaji wa Klabu?

Filamu yetu ni ya dakika 12: baba mmoja mvuvi wa Shela, Malindi, anauza mashine ya boti ili alipe karo. Kikao kizima tulibishana nani aigize baba.

Mwigizaji wa klabu ya drama, mwanafunzi, anakariri maneno kwa usiku mmoja, anarudia shoti mara nane bila kununa, na alfajiri ya Jumamosi yupo. Hayo tu yatosha kumpenda. Lakini mpe sindano ya kushonea nyavu: anaishika kama kalamu.

Mzee wa pwani tuliyemjaribu hata hakuuliza kamera iko wapi. Alinyoosha mguu, akabana uzi kwa kidole gumba cha mguu, akashona huku akimsema mnunuzi wa samaki kwa Kiswahili ambacho hakuna kati yetu angeweza kukiandika. Waitaliano waliijua siri hii miaka ya 1940, walipowatoa watu wa kawaida mitaani wakawaweka mbele ya kamera. (Na Malindi hatukosi Waitaliano wa kuuliza.)

Taabu yake? Maji yakifaa, anaondoka. Shoti ya pili utaipiga na nani? Tena umlipe siku ya bahari aliyoikosa, na umweleze mapema filamu itaonyeshwa wapi, deni lake la kweli, kama analo, lisije likawa kichekesho cha mtaa.

Mimi namchagua mzee. Mwanafunzi acheze karani wa shule, na ratiba ifuate maji, si kengele. Maikrofoni nayo ivikwe manyoya ya kukinga upepo. Kusi haina adabu.