Taa za sola za kukodi kwa wavuvi wa dagaa: zinalipa, ila aliyeandika mkataba hajui mbalamwezi ni nini

Wakuu, wengi mnaniuliza hizi taa za sola za kukodi zilizoingia huku Igombe, Mwanza, zikoje, nikaona niandike hapahapa yaishe. Jina la kampuni silitaji, waliopo mwaloni wanaijua.

Nianze na taa yenyewe maana hapo sina ugomvi nao. Karabai, ile taa ya mafuta tuliyokuwa tunatumia, ikishapata moto, tone la maji likirukia kioo tu, paa, kimepasuka, na utambi nao mtumbwi ukiyumba kidogo unadondoka wote majivu, sasa uko katikati ya ziwa nusu ya taa zimezima na dagaa wanatawanyika unawaangalia hivihivi. Hii ya sola imezibwa mpira pande zote, wimbi likiifunika inaibuka bado inawaka. Vijana wangu mwanzoni walidai mwanga wake mweupe mno dagaa hawatausogelea, mbona walisogea! Vile vijidudu wanavyokula dagaa vinafuata mwanga, haviulizi unatoka kwenye mafuta au kwenye betri.

Hela sasa. Karabai moja kwangu ilikuwa inakunywa lita na ushee ya mafuta ya taa kwa usiku, zidisha kwa taa za chombo kizima uone. Na hayo mafuta hayakupanda yenyewe, 2011 serikali ilipandisha ushuru wake kutoka shilingi 52 hadi 400 kwa lita kwa sababu watu walikuwa wanachakachua dizeli kwa kuichanganya na mafuta ya taa, yani walengwa walikuwa wenye vituo na malori, mvuvi wa Ukerewe hakuna aliyemkumbuka, lakini mimi naamini ule ushuru umetusukuma kwenye sola kuliko semina zote za mazingira tulizoendaga kunywa soda. Leo kukodi pamoja na kuchajiwa kibandani kwao hakufiki nusu ya nilichokuwa namwaga kwenye mafuta.

Shida ni malipo. Unalipa kwa simu kila siku, usipolipa taa inajifunga yenyewe, ina laini ndani. Kwa mtu wa mjini Nyegezi anayewasha sebuleni, sawa. Sisi dagaa tunavua giza bwana, mbalamwezi ikiwaka vyombo vinapumzika, watu wanashona nyavu, haiingii hata mia, na mtambo wao unaendelea kudai tu. Giza likarudi, wenzangu wanasukuma mitumbwi, mimi nipo kibandani taa zote zimefungwa nabishana na kijana ananiambia "mfumo ndo umekataa mzee". Walipishe kwa giza, mbona ni suala la kuangalia kalenda ya mwezi tu.

Halafu bango lao limeandikwa rafiki wa mazingira. Moshi hakuna, mafuta kumwagika ziwani hakuna, hapo nawapa haki yao. Lakini betri walizoanza nazo ni zile za risasi na maji ya asidi, zilizokufa zimerundikwa nyuma ya kibanda hatua chache tu kutoka majini na watoto wanapita hapo kuchota maji. Hizi mpya za lithiamu ni nyepesi na zinatunza chaji, ila nilipouliza zikifa zinaenda wapi nikajibiwa zinarudi makao makuu, basi, imeisha hiyo. Na kwa vile mwanga umekuwa rahisi kila mtu anaongeza taa, nyavu ikivutwa unakuta humo sangara wa urefu wa kidole, na sheria inakataza sangara wa chini ya sentimita 50. Hilo ni la BMU, yani kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi mwaloni, na maafisa uvuvi kuweka kikomo cha taa kwa chombo, maana kampuni inayolipwa kwa kila taa haitakwambia hata siku moja uchukue chache.

Taa naipa nyota tano, huduma mbili, na hizo mbili ni kwa sababu wanachaji vizuri. Naendelea kukodi. Anayetaka kuanza abanane nao kwanza kwenye kipengele cha siku za mbalamwezi kabla hajaweka sahihi, na akague mpira wa kifuniko cha tundu la kuchajia, huo ndo unaanzaga kulegea.