Mkono Mfupi wa Gia kwenye Impreza WRX: Uzoefu Wangu Malindi

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya giaboksi ya gia 5, na kifaa ninachokieleza hapa ni mkono mfupi wa gia, ule unaofungwa badala ya mkono wa kiwandani ili mwendo wa kutoka gia moja hadi nyingine upungue. Kuufunga ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi anayejua Subaru. Kuuchagua ndiko kulikonichukua muda, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Wauzaji hutanguliza asilimia ya upunguzaji, na wanunuzi wengi huishia hapo wakiamini kwamba asilimia kubwa ndiyo ubora. Sikubaliani nao. Mkono wa gia ni wenzo: una egemeo, una sehemu ya juu anayoishika dereva, na una sehemu fupi ya chini inayosukuma ufito unaokwenda kwenye giaboksi. Ukirefusha sehemu ya chini, mwendo wa juu hupungua, lakini nguvu inayotakiwa huongezeka kwa uwiano wa kinyume. Mkono uliopunguza mwendo kwa asilimia 30 hudai nguvu zaidi kwa takriban asilimia 43, na ule unaoupunguza kwa nusu hudai nguvu maradufu. Tena sinkronaiza za ndani, yaani pete zinazolinganisha kasi ya gia, hazifanyi kazi upesi zaidi kwa kuwa mkono umefupishwa. Bado zinahitaji nafasi ya kusawazisha mizunguko kabla gia haijaingia, na dereva anayezilazimisha huzichakaza kabla ya wakati wake.

Hesabu hiyo ina uzito wa pekee kwa anayeendesha Malindi. Mjini tuktuk husimama popote, na ukishika barabara ya Mombasa kuna matuta kila unapokaribia kituo chenye watu, hivyo gia ya 1, ya 2 na ya 3 hutumika mfululizo. Mkono mzito unaofurahisha kwa dakika chache kwenye barabara iliyo wazi huchosha kabla hujafika Kilifi. Kwa sababu hiyo niliiacha mikono yote iliyotangazwa kukata nusu, nikatafuta wa wastani, kama asilimia 30 hivi.

Hata hivyo, sikuanza na mkono. Fundi wangu aliniambia, "Bwana, angalia bushi kwanza, mkono utakuja baadaye," na ushauri huo ninauona kuwa wenye thamani kuliko kifaa chenyewe. Kwenye Subaru ya gia 5 mkono haukai juu ya giaboksi moja kwa moja. Unategemea ufito wenye kiungo na chuma kingine kinachoushikilia, na kati yake kuna bushi za mpira ambazo kwa joto na umri hulegea. Kulegea huko ndiko kunakomfanya dereva ahisi kwamba mkono ni mrefu na gia hazijulikani zilipo. Tulibadilisha bushi hizo, tukaweka oili mpya ya 75W-90 ya daraja la GL-5, ambayo katika giaboksi hii hulainisha difu ya mbele pia, kisha nikaliendesha gari hivyo kwa muda kabla ya kuamua. Sehemu kubwa ya nilichokuwa nikikitafuta ilipatikana hapo, kwa bei ndogo. Gari la mwenzangu anayeishi Watamu liliishia hapohapo, naye ameridhika.

Bushi zenyewe zina daraja zake. Za mpira ni tulivu lakini hulegea tena. Za chuma ni sahihi mno, ila hupitisha kila mtikisiko hadi kiganjani. Nilichagua za poliyurethani, plastiki ngumu iliyo kati ya hizo mbili. Mlio wa giaboksi umeongezeka kidogo, hasa ninapoachilia eksileta kwenye gia ya 3, na abiria wa nyuma huusikia. Anayetumia gari kubeba familia kila siku alifikirie jambo hilo mapema.

Jambo jingine ambalo maelezo ya wauzaji wa Marekani hayaligusi ni upande wa usukani. Sisi huendesha tukikaa kulia na kutia gia kwa mkono wa kushoto, na mkono wa gia uliopindwa kumwelekea dereva anayekaa kushoto utamwelekea abiria kwetu. Niliuliza kabla ya kulipa, nikachukua ulionyooka na unaorekebishika urefu, nikauweka chini kidogo tu ya ule wa kiwandani. Mwenye STI ya gia 6, yaani Impreza yenye nguvu kuliko WRX, naye asinunue kwa jina la gari peke yake: giaboksi hiyo ina pete ya kuinua kabla ya kutia rivasi, na mkono wa gia 5 haumfai.

Matokeo yake yananipendeza sana. Kutoka ya 2 kwenda ya 3 sasa ni msogeo wa kifundo cha mkono tu, na mkono unasimama palepale kila mara bila kutafutatafuta. Ya 1 ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, lakini kirungu kizito cha chuma, kile cha kushikia juu ya mkono wa gia, kimepunguza ugumu huo. Kikiachwa juani mchana, hata hivyo, hakishikiki, kwa hiyo nakifunika kwa kitambaa ninapoegesha.

Kinachobaki ni chumvi. Kiungo cha chini kiko wazi kwa upepo wa bahari na maji ya mvua za masika, na grisi iliyokuja na kifaa ilikuwa imeoshwa tulipokifungua baadaye. Tumeweka grisi isiyoyeyuka kwa maji, ile wanayotumia mafundi wa mashine za boti, na nimemwagiza fundi akikague kiungo hicho kila anapobadilisha oili ya injini.